Kuotesha pilipili mbuzi penye baridi: mwongozo kwa ndugu zetu walio Bara na Ulaya

Kila mwaka, khasa baada ya Idi watu wanapotembeleana na kupigiana simu, huulizwa swali lilelile na jamaa wanaoishi mbali na bahari. Pilipili mbuzi ambazo huku Likoni, Kilifi na Lamu hujiotea zenyewe nyuma ya jikoni, kwa nini zinakataa Limuru, Nyahururu au Leicester? Wako waliofukia pakiti mbili tatu za mbegu wasione hata jani. Wako waliopata mche ukafika urefu wa kidole kisha ukalala na kufa. Na wako waliolea mti mkubwa mzuri miezi mitano, ukatoa maua, maua yakaanguka yote.

Jibu langu kwa ufupi ni kwamba mbegu haikatai ardhi ya watu wala mkono wa mpandaji. Inangoja joto la udongo. Ikishaota, inahitaji muda mrefu kuliko watu wengi wanavyoipa. Ukitimiza hayo mawili, pilipili mbuzi itazaa hata mahali penye theluji.

Jambo hili si la mchezo. Chupa za dukani zimejaa siki na sukari, na harufu ya pilipili mbuzi hamna. Viazi karai, mhogo wa kukaanga, mishkaki na mbaazi za nazi vyote hubadilika pilipili yake ikiwa si yenyewe. Mtoto aliyezaliwa Nyeri au Birmingham akikua haijui harufu ile, basi ladha ya nyumbani kwao imepungua kitu ambacho hakuna atakayemrudishia kwa maneno.

Mimi naotesha pilipili huku pwani, ambako kazi yenyewe ni nyepesi. Yanayohusu baridi nayaandika kutokana na kanuni za kilimo zinazojulikana, pamoja na vitalu viwili ninavyovifuatilia kwa simu msimu hadi msimu: cha shemeji yangu anayesomesha Kinangop, na cha mpwa wangu anayeishi Leicester.

PILIPILI ZETU NI ZA UKOO GANI

Ukiondoa pilipili manga, pilipili zote tunazokula asili yake ni bara la Amerika. Zilifika pwani yetu baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi mwishoni mwa karne ya 15. Jina tulikuwa nalo kabla ya hapo, kwani pilipili manga ya Bara Hindi ilikuwa ikiuzwa bandari hadi bandari kwa karne nyingi. Tunda jipya likapewa jina la zamani kwa sababu nalo lawasha.

Kwa mwenye kutaka kuotesha penye baridi, ni muhimu kujua ana ukoo gani mkononi, kwani hazilingani katika kuvumilia.

Pilipili hoho na zile ndefu nyekundu za kukausha ni za ukoo unaoitwa kitaalamu Capsicum annuum. Hizi ndizo nyepesi. Zikipata joto huota kwa siku 7 hadi 14, na huzaa mapema.

Pilipili kichaa, zile ndogo zinazosimama juu ya mti kama vidole, ni Capsicum frutescens. Hizi huchukua wiki 2 hadi 4 kuota.

Pilipili mbuzi, zenye mikunjo na harufu ya matunda, ni za kundi moja na habanero na Scotch bonnet, yaani Capsicum chinense. Jina hilo lisikupoteze. Hazikutoka China, aliyezipa jina alikosea. Asili yake ni nyanda za joto na unyevu za Amerika ya Kusini, upande wa mto Amazon. Huota kwa wiki 2 hadi 4, na mara nyingine hufika wiki 6. Tangu mbegu hadi tunda bivu ni kama miezi 6, na penye baridi hata 7 au zaidi.

Kuna ukoo mwingine ambao watu wetu wengi hawajauona, nao ni rocoto, Capsicum pubescens, kutoka milima ya Andes. Mbegu zake ni nyeusi, maua yake ya zambarau na majani yake yana manyoya. Hupenda ubaridi kuliko joto kali, ijapokuwa jalidi huiua kama zingine. Anayeishi mahali pa juu sana na kila mwaka pilipili mbuzi zinamshinda, aipande hii pembeni. Ukali wake watosha, ingawa harufu si ile.

KWA NINI BARIDI HUZISHINDA

Mombasa hata mwezi wa Julai usiku huwa kama nyuzi 20 za Selsiasi. Udongo wetu haupoi. Kwa hivyo mbegu ikianguka tu, imekwisha kupata inachotaka.

Ukipanda mlima, joto hushuka kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100. Nairobi, iliyo karibu na mita 1,700, usiku wa Julai huwa kama nyuzi 11 au 12. Limuru imepita mita 2,000 na Kinangop inakaribia 2,500. Huko usiku ni baridi zaidi. London mwezi wa Januari mchana ni kama nyuzi 8 tu.

Sasa linganisha na mahitaji ya mmea. Mbegu ya pilipili mbuzi huota vizuri udongo ukiwa nyuzi 25 hadi 30. Ikifika 20 huota kwa kusuasua. Ikishuka chini ya 15 hukaa tu, na ikiwa udongo una maji mengi huoza. Mche hukua vizuri kati ya nyuzi 18 na 28. Ua hushika tunda usiku ukiwa juu ya nyuzi 15. Usiku ukishuka chini ya 12 au 13, aghlabu ua huanguka. Jalidi ya usiku mmoja huua mti mzima.

Hapa ndipo penye kosa la wengi. Huona jua la mchana kali wakadhani joto lipo. Jua la Limuru saa sita mchana laweza kumtoa mtu jasho, lakini udongo kwenye trei saa kumi za alfajiri ni baridi kama maji ya mtungi. Mbegu iko udongoni, haioni jua. Nunua kipimajoto kidogo, ukitie kwenye udongo wenyewe, ukisome alfajiri. Tarakimu hiyo ndiyo itakayokwambia kama mbegu zako zitaota.

MBEGU UTAPATA WAPI

Jambo la kwanza ni sheria. Ndugu zetu wanaokwenda Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hupenda kufunga mbegu kwenye leso wakatia mfukoni. Mbegu za pilipili zinazotoka Kenya zinatakiwa ziwe na cheti cha afya ya mimea, ambacho kwetu hutolewa na KEPHIS. Sababu yake ni ya haki: kuna virusi vya nyanya na pilipili vinavyosafiri juu ya mbegu, na vikiingia katika mashamba ya watu huangamiza mazao. Mwislamu akiingia nchi ya watu kwa viza amekubali sharti zao. Asiingize kwa mlango wa nyuma.

Na kusema kweli haina haja. Maduka ya Waafrika na ya watu wa Karibi katika miji ya Uingereza huuza Scotch bonnet na habanero mbichi. Chagua tunda lililoiva kabisa, jekundu au la manjano, si la kijani, utoe mbegu zake. Pakiti za mbegu za habanero na Scotch bonnet pia huuzwa huko kwenye maduka ya bustani. Ladha yake i karibu sana na pilipili mbuzi yetu. Mpwa wangu alianza na tunda moja la sokoni.

Walio Bara hapahapa Kenya wachukue mbegu kwa mama zao pwani. Chagua mti wenye afya, uache matunda mawili matatu yaive mpaka yaanze kulegea. Yapasue, toa mbegu, uzitandaze kwenye karatasi kivulini penye upepo kwa wiki moja au mbili. Usizianike kwenye jua kali la mabati. Zikikauka hadi zavunjika ukizikunja, zitie kwenye bahasha, kisha kwenye chupa yenye kifuniko, mahali pakavu na penye ubaridi. Zitakaa miaka 2 hadi 4, lakini kila mwaka baadhi hufa. Mbegu za pilipili ya aina ya F1 usizitegemee. Watoto hawatafanana na mama.

Wakati wa kutoa mbegu vaa glavu na usijiguse macho. Ukishawashwa mikono, maji peke yake hayasaidii sana, kwani ule ukali huyeyuka katika mafuta. Jipake mafuta ya kula kwanza, kisha uoshe kwa sabuni.

Ukitaka kuzijaribu kabla ya msimu, chukua mbegu 10, zifunge katika karatasi laini yenye unyevu, uzitie kwenye kikopo chenye kifuniko mahali penye nyuzi 25 hadi 30. Zikiota 7 au zaidi, mbegu zako ni nzima. Zikiota 2, tafuta nyingine.

KUOTESHA HATUA KWA HATUA

Kwanza, roweka mbegu usiku mmoja katika maji ya uvuguvugu. Ganda litalainika.

Pili, tayarisha udongo laini. Mboji iliyochekechwa mafungu mawili na mchanga fungu moja yatosha. Walio Ulaya wanunue udongo wa mbegu uliofungwa tayari. Usitie samadi mbichi wala mbolea ya dukani katika hatua hii. Mbegu haihitaji chakula, na miche michanga huungua.

Tatu, tia udongo kwenye trei au vikopo vyenye matundu chini. Umwagilie maji vuguvugu mpaka uwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Weka mbegu kina cha nusu sentimita na uzifunike kidogo.

Nne, ziba juu ili unyevu usitoke. Chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa katikati yafaa, au kipande cha kioo. Fungua mara moja kwa siku hewa ipite.

Tano, tafuta joto la nyuzi 25 hadi 30 usiku na mchana. Hii ndiyo hatua inayoshinda watu, basi niieleze zaidi.

Kwa walio Ulaya kuna mkeka mdogo wa umeme uliotengenezwa kwa kazi hii. Huwekwa chini ya trei, na umeme unaotumia ni kidogo. Ulio na kidhibiti joto ni bora. Asiye nao atumie kabati la tangi la maji moto, au rafu iliyo karibu na hita ya ukutani. Usiweke trei juu ya hita yenyewe, udongo utakauka kwa siku moja na mbegu zitapikika.

Kwa walio Bara bila umeme wa kuaminika, shemeji yangu hutumia kile kikapu cha kupikia bila moto, chenye matandiko mazito ndani, ambacho kina mama wengi wanacho. Trei huingia ndani pamoja na chupa mbili za maji moto zilizofungwa kwa kitambaa. Hubadilisha maji alfajiri, alasiri na kabla ya kulala. Mchana jua likiwaka hutoa kikapu nje kikapata joto. Mwaka aliofanya hivyo, mbegu zilianza kuchomoza siku ya 16. Wa zamani walitumia njia nyingine: shimo lenye samadi mbichi ya ng'ombe au farasi iliyochanganywa na majani makavu, kisha udongo juu, kwani samadi ikioza hutoa joto. Nayo hufanya kazi, lakini pima joto kwanza, siku za mwanzo huwa kali mno.

Naomba nisisitize jambo moja. Msiache jiko la makaa likiwaka usiku ndani ya nyumba kwa ajili ya mbegu. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini.

Sita, subiri. Pilipili mbuzi isiyoota wiki ya tatu haijafa. Usichimbue kuangalia, usimwage trei kabla ya wiki ya sita.

MWANGA BAADA YA KUOTA

Mbegu haihitaji mwanga kuota, lakini siku ile ile mche unapochomoza mambo hubadilika. Ondoa kifuniko na uupeleke penye mwanga mkali. Mche ukikosa mwanga huku una joto hurefuka kama uzi, shina huwa jembamba na jeupe, kisha huanguka.

Uingereza mwezi wa Desemba mchana wa London ni kama saa 8 tu, na mawingu tele. Mwezi wa Juni hupita saa 16. Kwa hivyo anayeotesha Januari lazima awe na taa. Taa ya kawaida ya LED nyeupe yafaa, ikiwa shubiri moja hivi juu ya miche, iwake saa 14 hadi 16 kwa siku, kisha izimwe usiku. Asiye na taa angoje hadi mwisho wa Februari, na aweke miche kwenye dirisha linaloelekea kusini, kwa kuwa huko jua hupita upande wa kusini. Ageuze vyungu kila siku. Usiku aviondoe dirishani, kioo kina baridi.

Milimani kwetu mwanga si taabu, tuko karibu na ikweta na mchana ni saa 12 mwaka mzima. Toa miche nje saa tatu asubuhi, irudishe ndani saa kumi na moja jioni. Ni kazi ya kila siku kama kuchunga mbuzi, lakini ni ya miezi miwili tu.

Maji katika hatua hii ndiyo huua miche mingi kuliko kitu chochote. Udongo ukiwa baridi na umelowa, huja ugonjwa wa kinyausi: shina hunywea pale linapogusana na udongo, na mche uliokuwa mzima jioni hukutwa umelala asubuhi. Hauna tiba. Mwagilia asubuhi, maji vuguvugu, kwa kuweka trei kwenye sinia lenye maji kidogo mpaka udongo ufyonze. Kisha uache juu pakauke kabla ya kumwagilia tena.

KUATIKA NA VYUNGU

Mche ukipata majani mawili au manne ya kweli, baada ya yale mawili ya mwanzo, uatike kwenye chungu cha sentimita 8 hivi. Ushike kwa jani, usishike shina. Mizizi ikitokeza chini, uhamishie kwenye cha sentimita 13 hadi 15. Mwisho ni ndoo au chungu cha lita 7 hadi 10. Usiruke kutoka kikopo hadi ndoo, kwa sababu udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji na ubaridi.

Kwa baridi nashauri vyungu kuliko shamba. Chungu cheusi hupata joto upesi, na waweza kukihamisha usiku. Anayetaka kupanda ardhini apandishe tuta, apande chini ya ukuta unaopigwa na jua la mchana, ukuta huhifadhi joto hadi usiku. Banda dogo la karatasi ya nailoni ni bora zaidi.

Kabla ya kutoa miche nje moja kwa moja, izoeshe siku 7 hadi 10: saa moja siku ya kwanza, mbili ya pili, na kuendelea. Isilale nje mpaka usiku uwe haushuki chini ya nyuzi 12.

KALENDA MBILI

Hapa nazitenganisha nchi, kwa sababu misimu haifanani.

Uingereza: pilipili mbuzi zioteshwe kuanzia Januari hadi katikati ya Februari. Pilipili kichaa Februari. Hoho na zile ndefu hata Machi. Aprili ni kuhamisha vyungu ndani ya nyumba. Mwisho wa Mei kwa walio kusini, na Juni kwa walio kaskazini na Scotland, ni kutoa nje au kwenye banda. Maua ni Juni na Julai. Mavuno ni Agosti hadi Oktoba. Kabla ya jalidi ya kwanza ya Oktoba, mti urudi ndani. Aliyeotesha Aprili atapata mti mzuri wa kutazama tu. Utaanza kuzaa wakati baridi imerudi.

Nyanda za juu za Kenya: baridi yetu kubwa ni Juni hadi Agosti, na miezi ya joto ni Januari hadi Machi. Watu wengi hupanda mvua za masika zinapoanza, kama wanavyopanda mahindi. Kwa pilipili mbuzi hilo huleta hasara, kwani mche huanza kukua wakati baridi yaingia. Otesha Agosti ndani ya nyumba kwa joto la kutengeneza, atika chungu cha mwisho Oktoba au Novemba, maua yashike Desemba na Januari, uvune kuanzia Februari hadi Mei.

Lakini wa Kinangop, Limuru na Kericho wajihadhari na jambo moja wanalolijua wakulima wa chai. Jalidi ya huko huja khasa Desemba hadi Februari, miezi ya jua, kwa sababu usiku usio na mawingu huachia joto lote lipande juu. Mchana wakaa kwa fulana, alfajiri majani yameungua. Jioni mbingu ikiwa safi na upepo umetulia, funika miti kwa magunia au uingize vyungu ndani.

Walio Nairobi na miji iliyo chini ya mita 1,700 wana nafuu. Wakishapata miche, yaweza kukaa nje mwaka mzima, ila Julai na Agosti haitazaa kitu.

MAUA, CHAKULA NA WADUDU

Mti mdogo ukitoa ua ukiwa bado chini ya shubiri mbili, lichume. Acha ukue kwanza.

Ua la pilipili hujichavusha lenyewe, lakini lahitaji kutikiswa. Nje upepo na nyuki hufanya kazi hiyo. Ndani ya nyumba tikisa matawi kwa upole kila mchana, au pitisha brashi laini ndani ya maua. Maua yakianguka, usikimbilie mbolea. Soma kipimajoto usiku kwanza, kisha angalia kama udongo unakauka kupita kiasi au umelowa kupita kiasi.

Mti ukiwa unakua wape mbolea ya kawaida kidogo kila wiki mbili. Ukianza maua, badilisha kwa mbolea yenye potasiamu nyingi, kama ile ya nyanya. Naitrojeni nyingi huleta majani mapana mabichi bila tunda.

Wadudu wakubwa ndani ya nyumba ni vidukari, ambao hukusanyika chini ya majani machanga na kuyakunja. Wapanguse kwa kidole, au nyunyiza maji yenye sabuni kidogo ya kipande, kisha suuza kesho yake. Nzi weupe na utitiri mwekundu huja hewa ikiwa kavu, khasa karibu na hita. Kagua chini ya majani kila Ijumaa, usingoje uone dalili juu.

Oktoba ikifika Ulaya na matunda bado ya kijani, chuma matawi mazima uyaning'inize ndani. Mengi yaliyokwisha kukomaa yataiva. Ya kijani nayo yafaa achari.

MTI USIUTUPE

Vitabu vya bustani vya Ulaya huiita pilipili mmea wa msimu mmoja. Sisi tunajua si kweli. Huku mti wa pilipili huishi miaka kadhaa. Baada ya mavuno, kata matawi ubakishe shina na vifundo vichache, punguza mizizi kidogo, uutie kwenye chungu kidogo chenye udongo mpya, na uuweke ndani penye nyuzi 10 hadi 15 na mwanga wa dirisha. Maji kidogo sana, mara moja kwa wiki mbili au tatu. Machi utachipua. Mti wa mwaka wa pili hutoa maua wiki nyingi kabla ya mche mpya, na kwa mtu wa nchi ya baridi wiki hizo ndizo tafauti kati ya kikapu kimoja na vikapu vitatu. Mti wa mpwa wangu sasa uko mwaka wa tatu.

Mwenye kuanza mwaka huu, namshauri aanze na mbegu 20, si 200. Akipata miti mitatu iliyozaa, itatosha nyumba moja na jirani wawili. Na awashirikishe watoto. Wasome kipimajoto wao, waandike tarehe mbegu ilipofukiwa na ilipochomoza. Ndege wakidonoa matunda wasiwafukuze kwa hasira. Ndege hawaisikii pilipili ikiwasha, na ndio waliokuwa wakisambaza mbegu zake porini kabla ya mwanadamu. Dini yetu inatufundisha kwamba anachokula ndege kwenye mmea wako huandikwa sadaka.

Wahenga wetu walisema pilipili usizozila zakuwashiani. Hizi twazila, ndugu yangu, na popote tulipo zafaa zituhusu. Kwa walio Uingereza, Januari ndio mwezi wenyewe. Kwa walio Bara, ni Agosti. Tafuteni kipimajoto sasa.

Wabillahi tawfiq.